Kupanga Ziara ya Mikahawa ya Busan kwa Kuongozwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa kwa msomaji anayefikiria kwenda Korea Kusini, awe anatoka Nairobi, Dar es Salaam au Maskati, au awe anaishi Ulaya au Marekani, na ambaye angependa kutenga siku moja hadi tatu kuzunguka mikahawa ya Busan akiwa na mwongozaji. Nimeeleza kwa urefu pale ambapo wageni hukwama, na kwa ufupi pale ambapo jambo halina utata.

Kwa nini Busan, na si Seoul?

Seoul ina mikahawa mingi zaidi, na mitaa yake ya Seongsu, Yeonnam na Ikseon inastahili sifa inazopewa. Hata hivyo, kwa ziara ambayo kahawa yenyewe ndiyo shabaha, ninaipendekeza Busan bila kusita, kwa kuwa huu ndio mji ambao kahawa ya Wakorea huingilia. Zaidi ya asilimia 90 ya buni inayoagizwa na nchi hiyo hushushwa katika bandari ya Busan, ikiwamo ile inayosafirishwa kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na juu ya biashara hiyo mji umejijengea ujuzi wa kukaanga, kuonja na kuandaa kahawa ambao sasa unatambuliwa duniani. Jeon Joo-yeon wa kampuni ya Momos Coffee ya Busan alishinda Mashindano ya Dunia ya Mabarista, yaani mafundi wa kuandaa kahawa, huko Boston mwaka 2019, akawa Mkorea wa kwanza kutwaa taji hilo na mwanamke wa pili tangu mashindano yaanzishwe. Mwezi Mei mwaka 2024 mashindano hayo yaliletwa Busan, katika ukumbi wa BEXCO.

Sababu ya pili ni majengo. Mikahawa mingi mizuri ya Busan imeingia katika maghala, viwanda na nyumba za kazi zilizoachwa, kwa hiyo mtu anayekunywa kahawa hapo anauona mji ulivyojipatia riziki yake kwa miaka mingi kabla ya utalii kuja.

Kahawa ina historia Busan, au ni mtindo wa juzi?

Ina historia, na mwongozaji asiyeijua anakupunja. Wakati wa Vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, Busan ilikuwa makao ya muda ya serikali, na wakimbizi walimiminika mjini kutoka kila upande. Waandishi, wachoraji na wanamuziki waliokuwa wamepoteza nyumba zao walikusanyika katika vyumba vya chai na kahawa vinavyoitwa dabang, hasa mtaa wa Gwangbok-dong na jirani zake, kwa sababu bei ya kikombe kimoja ilimpa mtu kiti, joto na mahali pa kutafutwa na jamaa zake. Mchoraji Lee Jung-seop alikuwa miongoni mwa wakimbizi hao. Kwa kukosa turubai alikwaruza picha zake juu ya karatasi za jaribosi za pakiti za sigara, na baadhi ya picha hizo leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York.

Baadaye ilikuja kahawa ya unga iliyochanganywa tayari na sukari na krimu, ambayo kampuni ya Dongsuh iliianza mwaka 1976 na ambayo hadi leo hunywewa maofisini na katika karakana. Tawi la kwanza la Starbucks nchini lilifunguliwa Seoul mwaka 1999, na kizazi cha wakaangaji wa ndani kikafuata katika miaka ya 2000. Ni vyema ziara ipite Gwangbok-dong, hata kama ni kwa nusu saa tu, kabla ya kuelekea kwenye mikahawa mipya.

Ni mikahawa mingapi inayofaa kwa siku moja?

Mitatu, au minne kwa wingi. Najua kuna matangazo yanayoahidi mikahawa saba au minane kwa siku, na ninamshauri msomaji ayaache, kwa kuwa ziara ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kuonja. Inamgeuza mpiga picha wa vikombe. Ukitoa muda wa kuagiza, kusubiri, kunywa na kuzungumza na aliyeandaa kahawa, kila kituo hudai karibu saa nzima, na baina ya kituo na kituo kuna treni, ngazi na vilima.

Kuna pia suala la afya. Kiwango ambacho mamlaka za afya za Korea, Ulaya na Marekani huona ni salama kwa mtu mzima ni miligramu 400 za kafeini kwa siku, na vikombe vitatu au vinne vya kahawa ya kuchuja, vilivyotengenezwa kwa ukarimu kama wanavyofanya Wakorea, vinakifikia kiwango hicho kwa urahisi. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu na asiyezoea kahawa wapange vituo viwili vya kahawa tu, na vingine wavinywee chai ya yuja, ambayo ni jamii ya ndimu iliyochanganywa na asali au sukari, au chai ya matunda mekundu ya omija. Mikahawa mingi ina vinywaji hivyo na hakuna anayeshangaa mgeni akiviagiza.

Ni mitaa ipi ya kuchagua?

Ushauri wangu mkuu katika majibu yote haya ni kwamba upange ziara kwa kufuata mitaa, si kwa kufuata orodha ya mikahawa. Mikahawa ya Korea hufunguliwa na kufungwa haraka mno. Orodha iliyotungwa mwaka jana huenda leo ina maduka ya nguo na vinyozi ndani yake. Mtaa, kwa upande wake, hudumu, na mwongozaji mzuri atapata kituo mbadala umbali wa hatua chache.

Mtaa wa kwanza ni Jeonpo, karibu na kituo kikuu cha Seomyeon. Hapo palikuwa mahali pa maduka ya vifaa vya ufundi, nyaya na vipuri, na mikahawa ilianza kuingia mmoja mmoja mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Mwaka 2017 gazeti la New York Times liliitaja Busan miongoni mwa mahali 52 pa kutembelea duniani na kuuelekeza msafara wa wasomaji wake kwenye mtaa huo. Bado utaona fundi akikata chuma kwenye mlango mmoja na barista akipima maji kwenye mlango wa pili. Mikahawa ya Jeonpo ni midogo, mingi ina meza tano au sita, na mingine imepanda ghorofani ambako mgeni asiye na mwongozaji hawezi kujua kuna kitu.

Mtaa wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa ziara, ni kisiwa cha Yeongdo, kilichounganishwa na mji kwa madaraja. Hapa ndipo meli zilitengenezwa na kukarabatiwa tangu mwisho wa karne ya 19, na katika kitongoji cha Kkangkkangi wanawake walining'inia kwenye mbavu za meli wakigonga kutu kwa nyundo mchana kutwa ili kulea watoto wao. Momos Coffee wamefungua jengo lao la kukaangia katika ghala la zamani la ufukoni, mtaa wa Bongnae-dong, ambapo mteja anayaona magunia na mashine upande mmoja na meli zilizofungwa gatini upande mwingine. Upande wa pili wa kisiwa kuna Huinnyeoul, kijiji cha nyumba nyeupe kilichong'ang'ania ukingo wa jabali juu ya bahari, ambacho mizizi yake ni makazi ya wakimbizi wa vita na ambacho sasa kina mikahawa midogo inayotazama meli za mizigo zikisubiri zamu yao ya kuingia bandarini.

Mtaa wa tatu ni Oncheonjang, kaskazini mwa mji, penye chemchemi za maji moto. Momos walianzia hapo mwaka 2007, na mkahawa wao wa kwanza, wenye kibustani chake, ungali ukifanya kazi.

Zaidi ya hapo kuna F1963 katika wilaya ya Suyeong. Kilikuwa kiwanda cha nyaya za chuma kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1963 hadi 2008, na kikageuzwa kituo cha utamaduni chenye duka la vitabu vilivyotumika, jumba la sanaa, bustani ya mianzi na tawi kubwa la Terarosa, kampuni iliyozaliwa mji wa Gangneung mwaka 2002. Ndani yake meza zimetengenezwa kwa mabamba ya chuma ya kiwanda chenyewe, na mashine za kusokotea nyaya zimeachwa zisimame zilipokuwa. Kwa anayependa usanifu wa majengo, ipo pia Waveon, kwenye pwani ya wilaya ya Gijang, jengo la zege lililobuniwa na msanifu Kwak Hee-soo na kufunguliwa kuelekea mwaka 2017. Sifa yake ilifika mahakamani: mwaka 2023 mahakama moja ya Seoul iliamuru mkahawa wa mji mwingine ubomolewe kwa kuiga ubunifu wake. Waveon iko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo inahitaji nusu siku yake peke yake.

Siku moja inaweza kupangwaje?

Kwa mwenye siku moja tu, ningeanza Oncheonjang asubuhi, wakati mikahawa mingi ya mjini haijafungua, kisha nipande treni ya mstari wa 1 hadi Seomyeon, nile chakula cha mchana hapo, na niingie Jeonpo kuanzia saa saba mchana. Alasiri ningeendelea na mstari huo huo hadi Nampo, nivuke kwa basi au teksi kwenda Yeongdo, kwa kuwa kisiwa hakina treni, na nimalizie Bongnae-dong au Huinnyeoul kabla ya jua kuzama. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mstari mmoja wa treni hubeba karibu safari yote, na mtu akichoka katikati anaweza kurudi hotelini bila kuwavuruga wenzake.

Mwenye siku mbili aipe Yeongdo siku nzima. Mwenye siku ya tatu achague kati ya F1963 na pwani ya Gijang. Kuviweka vyote viwili siku moja kunawezekana kwa gari la kukodi, lakini haraka yake itaonekana.

Kumbuka saa za kazi. Mkahawa wa kawaida wa Jeonpo hufunguliwa kati ya saa tano asubuhi na saa sita mchana, mingi hupumzika Jumatatu au Jumanne, na agizo la mwisho huchukuliwa nusu saa au saa nzima kabla ya kufunga.

Je, mwongozaji lazima awe na leseni, na atazungumza lugha gani?

Sheria ya utalii ya Korea inazitaka kampuni zinazopokea watalii wa kigeni kutumia waongozaji waliofaulu mtihani wa taifa wa ukalimani na uongozaji, na mwongozaji wa namna hiyo hubeba kitambulisho. Mwombe akuonyeshe mapema. Lugha za mtihani huo ni pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, lakini Kiswahili hakimo, kwa hiyo kundi la Waswahili halina budi kuamua lipokee maelezo kwa lugha ipi. Kundi kutoka Kongo au Burundi litanufaika na mwongozaji wa Kifaransa, la kutoka Omani na nchi za Ghuba na wa Kiarabu, na ni jambo jema kuteua mwenzenu mmoja afasiri kwa wazee wasiozijua lugha hizo.

Wapo wanaofikiria kumlipa mwanafunzi wa Kiafrika anayesoma Busan awe mwongozaji wao. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwanafunzi wa kigeni nchini Korea anahitaji kibali ili afanye kazi yoyote ya malipo, na anayeumia jambo likigundulika ni yeye, si mtalii. Mwalike kama ndugu, mlipie kahawa na chakula, mfurahie maarifa yake ya mji. Ila kazi ya kuongoza iachiwe mwenye leseni.

Juu ya leseni, uliza jambo moja ambalo matangazo hayalisemi: je, mwongozaji huyu anaijua kahawa? Wengi wanayajua makasri na mahekalu kwa ufasaha, lakini hawawezi kumfasiria barista anayeeleza buni ilivyochachushwa na kukaushwa. Mwandikie mapema na umwombe ataje mikahawa mitatu anayoipenda na sababu zake. Akijibu kwa kusifu mandhari tu, tafuta mwingine.

Kundi liwe la watu wangapi?

Sita. Likizidi hapo, ligawanywe sehemu mbili zinazoanzia mitaa tofauti, kwa sababu mkahawa wenye meza sita hauwezi kumeza watu kumi na wawili bila kuwafukuza wateja wake wa kila siku.

Mikahawa inahitaji kuwekewa nafasi?

Kwa kunywa tu, mara nyingi haipokei nafasi za mapema. Mteja hufika na kusubiri. Mikahawa yenye foleni huweka tableti mlangoni, na tableti hiyo hudai nambari ya simu ya Korea ili ikutumie ujumbe zamu yako ikifika. Hapa ndipo mwongozaji hulipa gharama yake, maana huiandika nambari yake mwenyewe na nyinyi mkaendelea kutembea. Kwa upande mwingine, kutembelea sehemu ya kukaangia au kushiriki kipindi cha kuonja kahawa kitaalamu lazima kupangwe wiki kadhaa mapema, na maombi yakubalike kwa maandishi.

Kuagiza hufanyikaje?

Mlangoni mara nyingi utakuta skrini badala ya mtu. Utachagua kinywaji, kisha kama kiwe cha moto au cha barafu, kisha kama unakunywa hapo au unabeba. Baada ya hapo skrini itakudai nambari ya simu ili ikuwekee pointi, na wageni wengi hukwama hapo wakidhani ni lazima. Si lazima; kipo kitufe cha kuruka, na mwongozaji akuonyeshe kilipo. Ukilipa hupewa risiti yenye nambari au kidude cha duara kinachotetema na kuwaka taa nyekundu kahawa ikiwa tayari, nawe unakifuata kinywaji chako kaunta.

Wenye mikahawa wanategemea kila anayeketi aagize kinywaji chake mwenyewe, na kuagiza vikombe viwili kwa watu wanne huhesabiwa kukosa adabu, hata pale pasipo na tangazo ukutani. Vyakula na vinywaji vya nje haviruhusiwi. Tangu mwaka 2022 anayekunywa ndani hapewi tena kikombe cha plastiki cha kutupa, kwa hiyo ukibadili nia na kutaka kuondoka nacho, omba uhamishiwe. Ukimaliza, rudisha sinia lako kwenye meza maalumu: barafu na mabaki ya kinywaji humwagwa kwenye tundu lake, karatasi na mrija hutiwa kwenye pipa, na vikombe huachwa juu ya sinia. Mkorea hufanya haya bila kuambiwa, na kundi linaloyafanya hupokelewa vizuri likirudi.

Bakshishi haitolewi. Usiiache mezani, kwa kuwa mhudumu atakukimbilia njiani akidhani umesahau fedha zako.

Niagize nini? Je, nitaikuta kahawa ya kwetu?

Utaikuta, na hili ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote katika ziara hii. Orodha za kahawa ya kuchuja kwa mkono nchini Korea hazikosi Ethiopia, na Kenya AA ni jina ambalo hata mnywaji wa kawaida wa Busan analijua. Rwanda, Burundi na Tanzania hutokea pia kwa misimu. Mkulima wa Nyeri au Kilimanjaro anayeketi kwenye kaunta hiyo anaweza kuonja zao la milima yake likiwa limekaangwa kwa wepesi, rangi ya mdalasini badala ya weusi, na kutolewa bila sukari wala maziwa ili uchachu wake wa matunda usikike wazi. Kwa aliyezoea kahawa chungu ya birika la mitaa ya Unguja, iliyokolea na kutiwa tangawizi, ladha hiyo huenda ikamshtua kwanza. Aipe nafasi ipoe kidogo. Uchachu hutulia na utamu hujitokeza kikombe kikiwa vuguvugu.

Kaunta ya kahawa ya kuchuja inastahili kutazamwa kwa karibu. Barista huweka buni zilizopimwa mbele yako na kukuruhusu uzinuse kabla na baada ya kuzisaga, humimina maji kidogo na kusubiri unga uumuke, kisha huendelea kwa mzunguko mwembamba huku jicho lake likiwa kwenye mizani na saa. Pamoja na kikombe huja kadi ndogo yenye jina la nchi, eneo au kiwanda cha kumenyea buni, mwinuko wa shamba, namna buni ilivyosindikwa, na ladha unazotarajiwa kuzisikia. Muulize, kupitia mwongozaji, kwa nini aliichagua buni ile, na umwambie unatoka wapi. Mazungumzo yanayofuata huwa marefu.

Katika mikahawa ya kawaida swali ni moja: unataka buni yenye uchachu au yenye ladha ya karanga? Mgeni asiye na uhakika achague karanga. Wenyeji wengi hunywa kahawa ya barafu hata katikati ya baridi ya Januari.

Gharama ni kiasi gani?

Kikombe cha kahawa nyeusi ya kawaida katika mkahawa wenye jina ni kati ya won 4,500 na 6,000 hivi, na kahawa ya kuchuja kwa mkono huanzia karibu won 7,000 na kupanda juu zaidi kwa buni adimu. Kipande cha keki hukaribia bei hiyo hiyo. Minyororo ya bei nafuu, ikiwamo Compose Coffee iliyoanzia Busan, huuza kahawa nyeusi kwa chini ya nusu ya bei hizo, na inafaa kuionja mara moja ili kujua watu wa mji wanakunywa nini wakiwahi kazini.

Ada ya mwongozaji huhesabiwa kwa siku au nusu siku na kwa kundi zima, si kwa kichwa. Mkataba useme wazi ni nani anayelipia vinywaji vya mwongozaji, nauli na teksi, na kitatokea nini kimbunga kikizuia safari. Kadi za kimataifa za benki hupokelewa karibu kila mahali, na baadhi ya mikahawa haipokei fedha taslimu kabisa. Lakini kuongeza salio kwenye kadi ya usafiri mara nyingi huhitaji noti, kwa hiyo uwe nazo kidogo. Malipo ya simu tuliyoyazoea Afrika Mashariki hayatumiki.

Mwislamu atazingatia nini?

Kahawa nyeusi na chai hazina tatizo. Uangalifu unahitajika kwenye vyakula: mikate yenye soseji na sandwichi mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, baadhi ya keki hutiwa pombe, na vitindamlo laini huweza kuwa na jelatini. Mwongozaji aandikiwe orodha hii kabla ya siku ya ziara ili aulize mwenyewe jikoni.

Kuhusu sala, Busan ina Msikiti wa Al-Fatah, uliofunguliwa mwaka 1980, karibu na kituo cha Dusil. Kituo hicho kiko kwenye mstari wa 1, vituo vinne tu kaskazini ya Oncheonjang, kwa hiyo siku ya Ijumaa kundi linaweza kunywa kahawa Oncheonjang asubuhi, kuswali Dusil, na kuteremka Jeonpo baadaye bila kuharibu ratiba.

Naweza kwenda na watoto au wazee?

Baadhi ya mikahawa ya Korea haipokei watoto na huliandika hilo mlangoni. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2017, katika shauri la mgahawa mmoja, kwamba kuwazuia hivyo ni ubaguzi, lakini maoni yake hayana nguvu ya kulazimisha, na desturi inaendelea. Mwongozaji athibitishe kila kituo kwa simu, maana kurudishwa mlangoni na mtoto mkononi ni fedheha inayoepukika.

Kwa wazee na wenye ulemavu wa miguu, Busan ni mji wa vilima. Huinnyeoul ni ngazi tupu na Jeonpo ina mikahawa mingi ya ghorofani isiyo na lifti. F1963 na maghala ya Bongnae-dong yako tambarare na yana nafasi. Siku nzuri kabisa inaweza kujengwa juu ya hayo mawili.

Picha zinaruhusiwa?

Za kikombe, dirisha na wenzako, ndiyo. Za wateja wengine, hapana. Wakorea huchukulia kupigwa picha bila ridhaa kwa uzito mkubwa. Huinnyeoul na Kkangkkangi wanaishi watu, hivyo sauti ipunguzwe vichochoroni na mtu asipige picha kupitia madirisha wala nguo zilizoanikwa.

Msimu upi ni bora?

Oktoba hadi katikati ya Novemba, hewa ikiwa kavu na bahari ikionekana mbali. Au mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, miti ya cheri inapochanua kandokando ya kijito cha Oncheoncheon, ambacho nacho kina safu yake ya mikahawa. Mvua za masika ya huko hunyesha kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai, na vimbunga huja Agosti na Septemba. Epuka sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno), ambazo tarehe zake hufuata kalenda ya mwezi, kwa kuwa tiketi za treni huisha na mikahawa midogo hufungwa wenyewe wakienda kwao.

Nitafikaje, na viza je?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Korea ina ubalozi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Kinshasa, na ratiba ya ziara iliyothibitishwa kwa maandishi ni sehemu nzuri ya kiambatisho cha maombi. Wasafiri wengi hupitia Addis Ababa, Dubai au Doha hadi uwanja wa Incheon. Kutoka hapo treni ya uwanja wa ndege inafika Stesheni ya Seoul, na treni ya kasi ya KTX inafika Busan kwa muda wa saa mbili na nusu hivi.

Ndani ya mji, nunua kadi ya usafiri katika duka dogo lolote la saa 24, na weka kwenye simu ramani ya Naver au Kakao, kwa kuwa ramani ya Google haitoi maelekezo ya kutegemewa ya kutembea kwa miguu nchini Korea.

Mimi ni mkulima au mfanyabiashara wa kahawa. Ziara hii itanifaa?

Sana, ila mwambie mwongozaji tangu mwanzo, kwa sababu ratiba yako itatofautiana na ya mtalii. Punguza mikahawa ya mandhari, omba kituo kimoja cha kukaangia na kipindi kimoja cha kuonja kitaalamu, na utembelee maduka yanayouza buni zilizokaangwa ili uone zao lako linavyofungashwa na kuelezwa. Angalia ni nchi zipi zinatajwa kwa jina la kiwanda cha kumenyea au chama cha ushirika, na ni zipi zinatajwa kwa jina la nchi tu. Tofauti hiyo huonekana kwenye bei, nawe utaisoma kwenye lebo yenyewe. Usifike na sampuli mfukoni ukitarajia kukutana na mnunuzi siku hiyo hiyo. Wakaangaji wa Korea hupenda barua ya kitaalamu iliyotangulia, yenye mwinuko, aina ya mibuni na namna ya usindikaji, kisha ndipo waonje.

Nikitaka kurudi nyumbani na buni?

Nunua zilizokaangwa, si mbichi, kwa kuwa buni mbichi ni zao la mimea na huweza kuzuiwa kwenye ukaguzi wa mpakani. Soma tarehe ya kukaangwa iliyopigwa chapa nyuma ya mfuko na uchague isiyozidi wiki mbili. Omba zisisagwe, na ziache zikae siku chache baada ya tarehe hiyo kabla ya kufungua. Mifuko mingi ni ya gramu 200, ambazo zinatosha vikombe kumi hadi kumi na viwili vya kuchuja.